Njia na biashara huku Lubumbashi: maswali yenye batu banauliza kila siku

Mi ni mutu wa Kampemba, komini moja ya Lubumbashi huku Kongo, naleta vitunguu na unga kutoka upande wa Zambia, na samaki zikiwa mingi naenda Kasenga, kando ya mto Luapula. Sikusoma ekonomi, njia nilizisoma na matako, nikikaa juu ya mizigo ndani ya kamio (lori). Batu bananiuliza maswali yale yale ku simu mpaka nikaona heri niandike majibu pamoja. Mahali nimesema mfano, ni mfano tu, usiende nao benki.

Yaya, njia inahusu nini na biashara yangu? Si biashara ni feza na akili?

Ni kweli, lakini feza yenye imelala mu kamio haizai. Tuseme uko na dola 3000 ya kuzungusha na kila safari inakuachia faida ya dola 300. Safari ikichukua wiki moja, mu wiki 12 umezunguka mara 12, umeingiza 3600. Sasa muzigo ule ule, bei ile ile, lakini safari inachukua wiki 3 juu kamio imekwama: umezunguka mara 4, umeingiza 1200. Hakuna mwizi, hakuna mteja amekimbia, na 2400 haiko. Hapo sijahesabu chakula ya shofere, parking, na nyanya zenye zimeoza.

Ndiyo maana mutu akiniuliza njia ni nini mu biashara namwambia ni siku. Na siku yenye inaua kabisa ni ile haujui. Kama kila safari ingekuwa wiki 2 bila kubadilika ningejipanga, ningeagiza mapema, basi. Lakini leo siku 5, kesho siku 20, hapo unalazimika kuchagua: ujaze depo na mizigo mingi yenye inalala, ao ubakie na meza tupu mu soko ya Kenya (komini ya hapa Lubumbashi, si nchi) huku mwenzako wa pembeni anauza. Zote mbili ni feza yako.

Juu ya nini sisi tunaangalia paka (tu) kusini? Kinshasa si njo kapitali yetu?

Kinshasa ni kapitali, lakini iko zaidi ya kilomita 2000 na sehemu zingine za njia ni mchanga na matope, kamio inaweza kulala hapo mpaka shofere ajue majina ya watoto wa kijiji. Zambia je? Kasumbalesa, mupaka wetu na Zambia, ni kama kilomita 90 na kitu, lami.

Na haikuanza jana. Reli yenye ilitoka kusini, upande wa Rhodesia ya wakati ule, ilifika hapa 1910, mwaka ule ule mji huu ulianza. Reli ya kwenda Ilebo, kwenye mizigo inahamia mu mashua kuelekea Kinshasa, ilimalizika 1928. Kwa hiyo miaka 18 nzima mji ulikula kwa mulango wa kusini kwanza, na tabia hiyo imebakia. Sabuni, biskuti, vipuri, mahindi, mingi inapanda kutoka Afrika Kusini, Zambia, Tanzania.

Ubaya wake ni kwamba mwenye mulango akiufunga, unasikia mu sufuria. Februari 2024 Zambia ilitangaza janga la ukame, mahindi ikakauka kule, na bukari (ugali) ya huku ikapanda bei. Agosti mwaka ule ule Zambia ikafunga mipaka yake na sisi kwa siku chache, Kasumbalesa, Mokambo na Sakania, ilikuwa fujo ya kuzuia vinywaji vya kutoka nje. Siku chache tu, lakini uliza bale bote benye kamio yao ilikuwa kwenye mustari siku ile. Na usifikiri ni Zambia tu: machafuko ya Afrika Kusini ya Julai 2021 yalikata njia ya Durban, na Aprili 2022 mafuriko yakapiga Durban yenyewe, shofere mwenye anangojwa Lubumbashi alikuwa amekaa kule mbali kabisa anaangalia maji.

Kwa nini Kasumbalesa inakula siku mingi hivi?

Juu kila kitu kinapita mu shingo moja. Shaba inateremka, salfa, chokaa, mafuta, mashini na chakula vinapanda, na mustari wa makamio unaweza kwenda kilomita na kilomita upande wa Zambia. Kila kamio inataka karatasi zake pande mbili za mupaka. Karatasi moja ikikosa muhuri, kamio hiyo haikwami peke yake, inakwamisha na yenye iko nyuma.

Halafu kuna wingi wa huduma. Kuna dekre (amri ya serikali) ya 2002 yenye ilisema mipakani inafaa kukaa huduma 4 tu: duane (forodha), OCC (ukaguzi wa bidhaa), DGM (uhamiaji), na usafi wa afya. Enda ukasimame hapo asubuhi moja uhesabu mikono yenye inanyooshwa. Mi nilihesabu siku moja, nikafika 11, nikaacha juu shofere alikuwa anacheka.

Kitu kingine kidogo lakini kinaua batu: Zambia banaendesha kushoto, sisi kulia. Makamio mingi ya kusini iko na usukani upande wa kulia, zikifika kwetu shofere akitaka kupita kamio ya mbele haoni kama kuna gari inakuja mpaka ameshatoka nusu. Ukiwa mu taksi njia ya Kasumbalesa usiku, omba Mungu na ufunge mukaba.

Wakiweka lami mpya, bei ya kubeba mizigo itashuka?

Inaweza kushuka kwa mwenye kamio na isishuke kwako. Lami nzuri inapunguza mipira, amortisa, mafuta, siku. Hiyo faida inaingia kwanza mu mufuko wa mwenye gari. Itakufikia we mwenye muzigo paka kama benye makamio ni bengi na banagombania muzigo wako. Kama ku njia ile kuna benye makamio 3 na banakunywa pamoja jioni, bei itabakia pale pale na lami ikingaa.

Na uangalie kurudi. Kamio yenye inaenda na muzigo na inarudi na muzigo, bei inagawanyika. Kamio ya kwenda kijijini mutupu na kurudi na samaki, wewe mwenye samaki unalipa safari mbili. Kwa hiyo ujanja wa bakidogo (bafanyabiashara badogo) ni kutafuta kamio yenye inarudi tupu: kuna makamio inapeleka simenti, bia ao mabati, inarudi bure, na shofere atakubali bei ya chini kuliko kurudi na hewa. Mi nusu ya faida yangu natoa hapo, si mu bei ya kitunguu.

Makamio ya shaba inatusaidia nini sisi bakidogo?

Swali hili linaleta makelele kila mara. Tuhesabu. Mu 2024 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 ya shaba. Kamio moja inabeba kama tani 30. Hata tukichukua milioni 3 kamili, hiyo ni safari 100,000 kwa mwaka, kama 274 kila siku, na bado kobalti, na bado zenye zinaleta salfa na chokaa. Si zote zinapita mulango mumoja, lakini sehemu kubwa inatoka Kolwezi, mji wa migodi, inapita Likasi, inapita kwetu. Zote ku njia moja ya lami yenye bamama, bamanseba (bashofere ba pikipiki), taksi na mutoto wa masomo banatumia pia.

Faida iko: garazi, mipira, chakula, vyumba vya kulala, krediti ya simu, kuosha magari. Kasumbalesa yenyewe ni mji wenye ulizaliwa na mustari wa makamio, na hapo unaona kitu cha kuchekesha kidogo, kwamba mama mwenye anauzia bashofere wali anakula ku ule ule ucheleweshaji wenye unanifilisi mi. Siku moja nilimwambia mama mumoja wakirekebisha mupaka utauza kwa nani, akanijibu, baba, usiogope, hawatarekebisha.

Hasara nayo iko. Vumbi, msongamano, na asidi. Februari 2019 kamio ya asidi iligongana na bisi ku njia ya Lubumbashi na Kolwezi, batu karibu 20 bakafa. Tangu siku ile mi nikiona tanki mbele naambia shofere aache nafasi, achelewe tu.

Lami inaharibika haraka, ni makosa ya bajenzi?

Wakati mwingine ndiyo, lakini kuna hesabu yenye bainjinia banaijua na batu wa kawaida hatuisikii. Uzito wa ekseli ukiongezeka mara 2, uharibifu wa lami hauongezeki mara 2, unaongezeka karibu mara 16. Ndiyo maana nchi za huku kusini na mashariki zimeweka kikomo cha tani 56 kwa kamio nzima na muzigo wake, na kuna mizani. Sasa mwenye anaongeza tani chache "kidogo tu" na kupita pembeni ya mizani, ameharibu njia kuliko taksi zetu zote za mwezi. Taksi ya Ruashi haivunji lami hata ikipita mara elfu.

Adui wa pili ni maji. Kwetu mvua inaanza karibu Novemba mpaka Aprili, mitaro ikijaa taka na mchanga maji inapanda juu ya lami, inaingia chini, halafu kamio ya kwanza ikipita shimo limezaliwa. Kuzibua mutaro ni kazi ya jembe. Kutengeneza shimo ni kazi ya mamilioni. Lakini hakuna mukubwa anakata riboni ya mutaro.

Tunalipa peaje (malipo ya kupita njia) kila siku, feza inaenda wapi?

Kuna njia zenye zilipewa kampuni kuzisimamia na kukusanya, kuna FONER, mufuko wa taifa wa kutunza njia, ulianzishwa 2008, unachukua ku mafuta na ku peaje. Sheria iko. Uliza naibunge wako, na usikubali ajibu kwa hotuba.

Kwa biashara yako weka peaje mu hesabu toka mwanzo, kwenda na kurudi, na ulize shofere bei ya leo kabla ya kupanga bei ya kuuza. Nimeona kijana amesahau peaje ya kurudi, akala faida yake yote ku bariere ya mwisho, akifika Kisanga hana hata ya manseba.

Hii Lobito yenye banasema ku redio, itatuletea nini?

Lobito ni bandari ya Angola ku bahari ya Atlantiki. Reli yake, Benguela, ni kilomita 1344 mpaka Luau mupakani mwetu. Zamani shaba yetu ilipita hapo, mpaka vita ya Angola ikaikata 1975. Bachina bakaijenga upya, ikafika mupakani miaka kumi na kitu iliyopita, na 2022 Angola ikaipa kampuni zikiungana kuiendesha miaka 30. Desemba 2024 Biden, rais wa Amerika wa wakati ule, alifika Lobito mwenyewe kuitembelea.

Shida iko upande wetu, Dilolo mpaka Kolwezi, kilomita 400 na kitu za reli ya SNCC, kampuni ya reli ya serikali yetu, yenye imechoka. Reli inafanya kazi kwa kasi ya kipande chake kibaya kuliko vyote.

Kwako mwenye kuuza vitunguu? Moja kwa moja, si sana. Reli inapenda mizigo mizito ya wakubwa. Lakini kila tani ya shaba yenye itapanda treni ni tani yenye haiko mu mustari wa Kasumbalesa mbele ya kitunguu yako. Mi ndiyo maana naitakia Lobito mema, ni roho ya ubinafsi tu. Bashofere bao banaona ingine, na bana haki, kazi yao ndiyo hiyo.

Na Afrika ya Mashariki? Si tuliingia?

Tuliingia 2022. Kiswahili tunayo, bandera iko. Lakini angalia karata (ramani): kamio ya Dar es Salaam kuja Lubumbashi inapita Tunduma, inaingia Zambia, inatoka Kasumbalesa. Zambia haiko mu EAC, ile jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo muzigo wa nchi moja ya jumuiya kwenda nchi ingine ya jumuiya unapita nyumba ya jirani mwenye hana karatasi zile. Njia ya pili ni ziwa Tanganyika, Kigoma kuvuka mpaka Kalemie ao Moba, halafu nani atakuletea muzigo kutoka Moba mpaka hapa wakati ya mvua? Sisi, Zambia na Tanzania tuko pamoja mu SADC (jumuiya ya nchi za kusini), na sisi na Zambia tuko mu COMESA (soko ya pamoja ya mashariki na kusini). Kwa mutu wa Lubumbashi hizo mbili, leo, zinagusa mufuko kuliko EAC. Jirani yangu alinikasirikia juu nilisema hivyo.

Kuna njia ingine ya kukwepa Kasumbalesa?

Kuna Mokambo na Sakania, zinasaidia kwa mizigo fulani, ukijua njia ya kufika. Na kuna upande wa Kasenga, juu ya mto Luapula. Kule kuna mupango wa njia ya kulipia na daraja kuunganisha Kasomeno na Mwenda ya Zambia, kufupisha safari ya Dar. Ikimalizika itabadilisha mambo ya upande ule wote. Usinunue kiwanja leo juu ya hiyo tu, soma swali la mwisho kwanza.

Njia za vijiji je? Kila mutu anaongea paka lami kubwa.

Asante kwa aliyeuliza hii, ndiyo swali langu.

Nilienda Kasenga mwaka mumoja, Januari, kuchukua samaki wa chumvi na maharagwe. Lami ilikuwa sawa, nilifurahi, nikapiga simu nyumbani nikasema kesho niko hapo. Muzigo wa maharagwe ulikuwa kijiji kimoja kilomita 14 kutoka njia kubwa. Kilomita 14! Tulikaa siku 6. Kamio ilizama mu poto-poto mpaka ekseli, tukateremsha magunia yote, tukakata miti, tukalipa vijana, mvua ikarudi, tukaanza tena. Kijana mumoja alikuwa anapita na kinga (baiskeli) amebeba gunia 2, anasukuma, ananiangalia na huruma. Yeye alifika njia kubwa siku hiyo hiyo. Nilipofika Lubumbashi bei ya maharagwe ilikuwa imeshuka juu makamio ya Zambia yalikuwa yameingia mbele yangu. Yametoka mbali mara ngapi? Na yalinishinda.

Tangu pale naona mambo hivi: mkulima wa Kasenga anashindana na mkulima wa Zambia, na si kwa jembe, ni kwa zile kilomita 14. Zambia muzigo unafika lami haraka. Kwetu mkulima anajua muzigo utaoza, kwa hiyo analima kidogo, ya kula na ya kuuza kando. Tajiri wa kamio anajua atazama, kwa hiyo anatoa bei ya chini sana kijijini. Halafu sisi mu mji tunashangaa kwa nini mji wenye udongo mzuri namna hii unakula mahindi ya jirani.

Na kilomita 14 hizo hazitaki lami. Zinataka mitaro, kalvati 3 ao 4, changarawe mahali pa chini, na bariere ya mvua yenye inaheshimiwa ili kamio isipite njia ikiwa maji. Vijana wa kijiji wakilipwa kila mwezi kuitunza, inashika. Bamanseba nao bamefanya kazi kubwa hapo bila mutu kubashukuru: pikipiki inaingia mahali kamio haiingii, inatoa magunia 2 ao 3 mpaka lami. Ni ghali kwa kilo, lakini inafika. Mi leo sipeleki kamio ndani tena wakati ya mvua, nalipa pikipiki mpaka njia kubwa, na kamio inangoja kwenye lami. Faida ya gunia imepungua, lakini sijalala mu poto-poto tena.

Nina feza kidogo, nianzeje kuleta mizigo ya Zambia?

Safari ya kwanza enda mwenyewe, hata kama utabeba begi moja, uone njia, mupaka, bei za pande mbili, nani analipa nini. Safari ya pili ungana na wengine 3 ao 4 mu kamio moja, lakini muandike kila gunia ni la nani na alama ya rangi, juu kukiwa duane na mizigo ya batu 5 bila alama, urafiki unaishia hapo.

Tafuta dekleran (wakala wa forodha) mwenye ana ofisi, si mwenye ana simu tu. Mi mara moja nililipa mutu kando ya bariere, alikuwa na kofia nzuri na kalamu 3 mu mufuko, akaenda "kupiga muhuri" na nikamungoja mpaka giza. Omba kitansi (risiti) ya kila kitu, hata kama banakuangalia vibaya. COMESA iliweka utaratibu rahisi wa bafanyabiashara bakidogo, fomu fupi na orodha ya vitu vyenye nchi mbili zimekubaliana. Uliza orodha hiyo kabla ya kununua, si ukiwa na muzigo mu mukono. Na uweke pembeni feza ya siku 5 za kukwama. Usipoitumia, ni faida yako.

Banajenga njia mpya upande wetu, nifungue depo kando yake?

Kwanza ulize kamio zitasimama wapi. Njia yenye gari zinapita bila kusimama haikusaidii kitu, utauza vumbi. Batu wananunua mahali pa kusimama: mizani, peaje, mupaka, njia panda, mahali mlima unachosha injini. Pili, uliza kama njia itaua soko ya sasa: kuna vijiji vilikuwa na maduka juu gari zilikuwa zinalala hapo kwa ubaya wa njia, lami ikaja, gari zikaanza kupita moja kwa moja mpaka mujini, na maduka yakafunga. Na njia inaenda pande mbili, we utapeleka mahindi mujini, lakini tajiri wa mujini naye ataleta sabuni ya bei chini mbele ya duka lako.

Tatu, kiwanja: hakikisha haiko ndani ya mipaka ya njia yenyewe, juu kuna benye banauza viwanja vyenye greda itapita juu yake. Na mbele ya yote, usiulize mukubwa wa mji njia itamalizika lini. Ulize shofere mwenye amelala kule usiku wa jana.